Mkwaju Mbele ya Nukuu

Jumatatu, 11 Mei

Nimemaliza kueleza alama za \n na \t. Ya kwanza inashusha mstari, ya pili inasogeza maandishi pembeni. Mkwaju wenyewe, huu mstari unaolalia nyuma, ukiutaka ndani ya maandishi unauandika mara mbili. Kila mfano naujaribu kwenye kanzidata kabla ya kuuandika. Umebaki ukurasa wa nukuu.

Mwongozo huu wa kanzidata ni wangu. Sijatafsiri, nimeandika. Mwili unanisisimka.

Bwana Shabani, meneja wetu hapa Mpanda, kapita na chai yake. Ijumaa makarani wa mashine zetu za kukoboa mpunga, Usevya, Mishamo na Sibwesa, wataingiza majina ya wakulima kwa kufuata mwongozo tu, bila kunipigia. Wakiweza, mwaka huu kila mkulima ataitwa kwa simu siku yake ikifika. Wakishindwa, foleni kama zamani. Mwaka jana mama alilala getini Usevya juu ya magunia yake, akaugua mgongo. Sitaki kabisa.

Jumanne, 12 Mei

Kapele, karani wa Usevya, kapiga asubuhi. Kompyuta inamkatalia majina. Nikamwambia anisomee moja. Maria Yohana 'Redio'.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni mama yangu!

Kwetu ubatizo umetuachia akina Maria wengi kuliko visima, na jina la baba nalo ni la mtakatifu. Kwa hiyo kila mtu ana jina la utani, na kwenye maandishi linawekwa ndani ya nukuu. Sasa maandishi ya kanzidata yanafunguliwa kwa nukuu na kufungwa kwa nukuu. Ikifika ile ya mbele ya Redio, kompyuta inajua maneno yameisha. Inayofuata inaiona takataka.

Dawa ni mkwaju mbele ya kila nukuu ya ndani:

'Maria Yohana \'Redio\''

Imekubali mara ya kwanza. Nimeruka kwenye kiti. Mfano mzuri kama huu sijawahi kupata. Ukurasa umejiandika wenyewe, chai imepoa bila kuguswa.

Jumatano, 13 Mei

Nina hasira. Nestori wa Mishamo alikutana na tatizo lilelile katika majaribio, akafuta majina yote ya utani. Nimempigia. Ananijibu kwa upole kabisa: "Dada, mashine imekubali. Sasa nyie wa Mpanda mnalalamika nini?"

Bwana Shabani kasikia, kafurahi. Anataka niutoe ukurasa wa nukuu, eti mikwaju itawatisha makarani. Ukurasa wangu bora! Nimembishia mbele ya watu. Mwisho kakubali tujaribu kwa orodha ya Nestori. Tumemwita kwa ujumbe wa simu mkulima mmoja tu, Anna Petro, aje kesho kukoboa.

Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 14 Mei

Wamekuja akina Anna Petro wote wa Mishamo!

Kila mmoja na baiskeli yake, magunia nyuma, simu mkononi, ujumbe ni uleule. Nestori kapiga huku anapigiwa kelele. Bwana Shabani kachukua simu, kasikiliza, kairudisha kama kaa la moto. Anna mmoja alikuwa anauliza nani atamlipia kibarua aliyemsaidia kupakia. Swali la haki.

"Binti, rudisha ukurasa wako."

Nilikuwa sijautoa. Nimemjibu sawa, bosi. Furaha imenijaa mpaka kooni. Wale akina mama nawaonea huruma, lakini furaha ndiyo kubwa.

Ijumaa, 15 Mei

Simu nimeiweka mezani, siigusi. Sibwesa wamemaliza mapema. Mishamo, Nestori anaingiza majina ya utani yote, mikwaju imekaa sawasawa. Usevya kimya. Mchana kimya. Nimefuta meza, nimefuta na dirisha. Kapele, jamani!

Saa tisa majina yakaanza kuingia kwenye kioo. Umeme ulikatika kule, basi. Hakuna lililokataliwa. Hakuna aliyenipigia. Bwana Shabani kanishika mkono, nami nikatoka uani nikapiga kigelegele peke yangu.

Jumamosi, 16 Mei

Mama kapiga jioni. Zamu yake ya kukoboa ni Jumatano. Leo kafua, kaenda mazoezi ya kwaya, sasa anasubiri ugali uive. Hakuuliza nani kapanga. Sikumwambia. Tumeongea habari za kuku.