Nywele za Mapasa

Kolwezi, tarehe 3 Machi 2024

Kwako mudogo yangu Kabanga,

Salamu mbele ya yote. Bugali unapita mu koo? Vitabu vya Lubumbashi havijakuharibu macho? Mi niko na sura ileile inayosumbua mabinti wa huku. Ila jiwe moja mu shimo tunamochimba shaba ilinipenda sana, ikalalia muguu wangu wa kuume. Munganga anasema muguu unaoza, bakate chini ya goti.

Nikamujibu: tata, mi nimetembea Kisenge, nimefika Musumba, sijaona fasi banakata pacha mumoja tu. Unajua sheria ya mama: bakinyoa Mbuyi, banyoe na Kabanga, siku moja, wembe moja. Bila wewe hapa, siguswi. Kitanda ya pembeni ni tupu. Nimesema ni yako. Kuya huku.

Yaya yako, Mbuyi

Lubumbashi, tarehe 9 Machi

Yaya Mbuyi,

Pole, pole tena. Homa imeshuka? Unakula? Nilicheka na barua yako, kiisha nikalia.

Siwezi kuya. Mu labo ya chuo niko na tunyoo, minyoo midogo ya mutoni, tupana kama jani. Nimetukata katikati. Kipande cha kichwa kinaota mukia. Kipande cha mukia kinaota kichwa, na macho yake. Kila siku nachora mabadiliko. Nikiondoka, mwaka yangu yote imekufa.

Acha bakukate. Mama alitunga sheria ya nywele, hakuwaza muguu unaooza.

Mudogo yako, Kabanga

Kolwezi, tarehe 13 Machi

Kwako Kabanga,

Hujambo, wewe na jamaa yako mupya ya mutoni?

Basi nikate na mimi, uniweke mu sahani! Huku nitaota muguu, kule muguu utaota Mbuyi mwingine, mutulivu, hapana kunywa pombe. Muulize profesa: kanyoo hakana hata shati, mi nakosa nini?

Munganga anasema ni Alhamisi tarehe 21, ao sanduku ya kuzikwa. Sijasaini. Hapa hakuna mutu wa kunicheka.

Yaya yako, Mbuyi

Lubumbashi, tarehe 17 Machi

Yaya wangu,

Amani ikufikie kitandani.

Niliuliza. Mwili wa kanyoo umejaa chembe hai changa ambazo hazijachagua kazi. Ukikakata, zinakimbilia kidonda, zinakuwa jicho ao mukia. Zetu nyingi zilishachagua. Muguu hautaota, yaya. Kwetu kinachorudi ni ngozi, kucha, nywele.

Alhamisi, saa bakikuingiza mu chumba ya kukata, mi nitakuwa kwa Honorine, mususi wa hapa. Atanyoa kichwa yangu yote. Siku ni moja. Wembe ni mbili, mama atusamehe.

Saini.

Kabanga wako

Kolwezi, tarehe 4 Aprili

Kwako Kabanga, kichwa ya yai,

Baridi haikuumi masikio?

Nilisaini. Misuko yako uliyonyolewa ukanitumia ilifika, nimeilalisha kwenye kitanda ya pembeni. Infirmière, muuguzi wetu, anatandika kwa kuizunguka. Bandugu ba shimo balikuya mara moja, bakaangalia shuka pale inapolala bapa, bakaniachia biskuti. Hawajarudia. Asubuhi bado nashusha muguu wa kuume mbele. Mi, mutu wa safari nyingi, nashindwa na kanyoo.

Nakutumia sandali ya kuume. Ni mupya kabisa, inakosa tu bwana.

Usininyamazie. Niandikie nywele zimefika wapi. Zikigusa masikio, nitatangazia salle yote ya wagonjwa: tumeota.

Yaya yako, Mbuyi