Suti ya Shemeji Bado Ina Pini

Chumba cha kushonea,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu.
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele. U hali gani huko kazini, na mgongo umepata nafuu? Mimi mzima, ila roho inachemka.

Mwanao Chiriku yuko kwangu, salama, amekula. Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Wiki iliyopita alikuja kupimwa sare ya shule. Nilipovuta futi ya kupimia, alijikunja akaziba uso. Nikafunga mlango, nikamtazama mgongo. Alama za mkanda, mpya juu ya za zamani. "Mama mkubwa, baba alisema nikisema, mama hatarudi." Nililia mbele yake.

Nilimpeleka hospitali, kisha kwa afisa wa ustawi wa jamii, mama asiye na mchezo. Mumeo nikamwambia mtoto amebaki kunisaidia kutia vifungo. Afisa alitaka polisi wamfuate nyumbani. Nikasema wasihangaike, Ijumaa anakuja mwenyewe kujaribu suti yake ya uenyekiti wa kamati ya wazazi. Kamati ya wazazi, yeye!

Alikuja anajidai kama bwana harusi. Nikamwomba avue mkanda nimpime kiuno, akanikabidhi kwa mkono wake. Nikamchomeka pini kuanzia kwapani hadi mapajani. Polisi walipoingia, alikuwa kanyoosha mikono, hawezi hata kuishusha.

"Shemeji, nichomoe jamani!"

"Tulia. Ukijitikisa zitakuchoma."

Nilifurahi, mdogo wangu, sikufichi. Nilichomoa pini moja moja, polepole, majirani wakichungulia. Mkanda anao afisa, na mumeo yuko mahabusu.

Sasa ndugu zake wanapanda ngazi zangu kutwa, eti tuyamalize kifamilia. Watakupigia simu, watalia, watakuita mke mwema. Wakatalie. Mtoto ameshasema, wewe usimnyamazishe.

Sare yake imekwisha. Nimeikadiria kwa macho tu, maana futi akiiona bado anajificha chini ya meza.

Msalimie binamu yetu dereva, na shangazi ukimpata kwenye simu. Mungu akufikishe kwetu mapema, mwanao anakungoja.

Suti nimeirudishia pini zote, imening'inia mlangoni. Akitoka jela aje kuijaribu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyesahau,
Fundi