Nilisema ukoko ni wa mbwa

Gracia amemaliza ukoko sasa hivi. Ameilamba ile karatasi ya foili mpaka inang'aa, akaikunja, akanirudishia na kuniambia asante kwa Kizulu, kama walivyomfundisha krechi, kule wanakomlea mchana. Ana miaka mitatu.

Sikuweza kumwangalia.

Leo Jumapili. Baridi kavu hapa Berea, jua lipo lakini halina kazi. Kanisani sikwenda. Ningeimba nini?

Jana mchana madam wangu wa saluni kule Midrand alinipeleka kula, mimi na dada yake, kwa sababu nilimsuka binti yake siku ya arusi na watu wakasifu. Mgahawa wa Wahispania, wanapika kama watu wa jimbo moja la kwao, Valensia. Vitambaa vya meza ni vyeupe kuliko shuka zangu. Nilikaa nchani mwa kiti.

Wakaleta wali wa sungura na maharage kwenye kikaango kipana kama ungo. Mhudumu akasema sahani hakuna, kila mtu na kijiko chake cha mti, anakula upande wake. Moyo ukatulia. Hiyo naijua! Kwetu Bukavu tunakula sinia moja. Basi nikachukua paja la sungura nikamsukumia madam, maana nyama ni ya mkubwa. Dada yake akaacha kijiko hewani. Madam akacheka tu: "Eish, Esther, kula na wewe! Unanilisha kama bibi kizee!"

Masikio yaliniwaka moto.

Kisha mhudumu akakwangua ukoko chini ya kikaango. Akasema ndiyo sehemu tamu kuliko zote, watu wa kule wanaugombania. Nikamkumbuka Gracia anavyokwangua sufuria yangu. Na kwetu mama hatoki karamuni mikono mitupu. Nikaomba nifungiwe.

"Unampelekea nani?" dada yake akauliza.

Siku ya kuomba kazi, miezi minne iliyopita, nilisema sina mtoto. Madam alikuwa ameshasema hataki wasusi wa kuomba ruhusa kila mtoto akikohoa.

"Mbwa wangu," nikasema.

Mbwa.

Mtoto niliyemzaa kwa kisu.

Ubaya ni kwamba madam ana roho nzuri. Mbwa wake alikufa mwaka jana. Machozi yakamlengalenga, akaniuliza wangu anaitwaje. Nikasema Simba. Asubuhi hii ameandika kwamba leo atapita kwangu, aniletee chakula cha mbwa kilichobaki kwake, nimtumie namba ya jengo. Nimemtumia. Ningekataa vipi?

Ningeweza kusema Simba amekufa. Mungu anisamehe, nimelifikiria hilo tangu chai. Lakini nikisema hivyo nitakuwa nimemuua nani?

Hapana. Nimemvalisha Gracia gauni la kanisani, nimempaka mafuta. Tutashuka wawili, nimemshika mkono. Akinifukuza, vidole ninavyo, nitasuka hata kando ya barabara. Labda hatanifukuza. Maneno nimeyapanga, nayaandika hapa nisije nikayameza: Madam, samahani, nilikudanganya, huyu ndiye

Mama Furaha wa chumba cha pili anapiga kelele koridoni: "Mama Gracia! Kuna madam hapa chini na gunia la chakula cha mbwa! Tangu lini una mbwa, wewe?"

Nakuja, namjibu. Hapana. Tunakuja.