Shemeji Anataka Tulipige Msasa Gitaa Langu

Mpendwa Bi Mwamvita, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nisamehe, mie nimeshavuka hamsini na kitambi changu hutangulia kufika kila ninapokwenda, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi.

Kazi yangu ni kubandika stika hapa Chamazi, nilianza na bajaji na friji za maduka, siku hizi wanakwaya na vijana wa bendi wananiletea magitaa ya umeme, huyu anataka miali ya moto, yule anataka simba, na wapo wanaotaka gitaa la plaiwudi lionekane limechongwa kwenye gogo, hao nawabandikia stika iliyochapwa mistari ya mbao, naipasha moto kwa draya ya nywele mpaka inalala vizuri kwenye kona, nakata ukingo kwa wembe, kazi imekwisha. Langu la kupigia kwaya nimelifanya hivyo hivyo, kwa macho ni mninga mtupu, na draya yenyewe kaniazima Apolonia, mama mwenye saluni ambaye kwa huruma yake amekubali kuolewa na mie.

Ishu ni kaka yake, Didas, seremala wa Keko, ndiye anayesimama mahali pa baba yao marehemu na barua yangu ya posa iko kwake. Juzi Jumapili alikuja kusali kwetu, baada ya misa akaomba alione gitaa, akauliza, "Mninga huu, shemeji?" Hapo ningesema ni stika na maisha yangeendelea, lakini nilivyoona anavyolishika kwa mikono miwili, kwa heshima, nikajibu ndiyo, mninga, tena bila kuombwa nikaongeza kwamba umetoka Tabora. Akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akaligeuza, kisha akasema, "Mti huu ulikua kwa utaratibu sana." Nikamshukuru kwa niaba ya mti.

Halafu akaona ukingoni palipochubuliwa na mkanda wangu, akasema Jumamosi nikienda kupokea jibu la posa nije nalo, "tulipige msasa na vanishi, iwe zawadi yangu kwenu, ila msasa utaushika wewe, mie nitakuelekeza tu." Sasa Bi Mwamvita, msasa ukipita mara moja tu Tabora yote inabanduka mbele ya wajomba zao. Nilimwomba Apolonia anisaidie, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Kaka yangu simdanganyi, na wewe sikuchongei. Malizaneni." Nimefikiria kusema gitaa limeazimwa na bendi ya Kimbiji, au nijifunge bandeji mkononi, ipi itaaminika zaidi? Huyu mama sitaki kumkosa. Picha ya gitaa nimeiambatisha, uone kwamba kazi yenyewe ni safi.

Polikarpo, Chamazi

*

Kaka Polikarpo, shikamoo nakurudishia, hamsini bado sijafika.

Kazi ni safi kweli, sijaona kiputo cha hewa hata kimoja. Lakini picha yako nimeikuza kwenye simu, mie ambaye hata kabati la chumbani kwangu sijui ni la mti gani, na nimeona fundo lenye umbo la korosho karibu na shingo ya gitaa. Lipo tena katikati. Lipo tena chini kwenye kitako, korosho ile ile, imeinama upande ule ule. Wapi uliona mti unarudia fundo moja mara tatu? Kama mie nimeliona, unadhani mtu anayeshinda na mbao toka ujana wake alikuwa anatazama nini pale dirishani? Utaratibu ulioushukuru haukuwa sifa, kaka yangu.

Didas anajua. Angetaka kukuaibisha angeibandua kwa ukucha palepale, mbele ya kwaya nzima. Hakufanya hivyo. Amekuachia siku za kutosha, na msasa amesema utaushika wewe. Anakupa dada yake, kwa hiyo anataka kuona mtu huyu akibanwa anasema nini. Na wewe unaniuliza habari za bandeji, mtu mzima. Utaivaa mpaka harusini?

Stika si aibu. Watu wanakuja Chamazi kukutafuta kwa ajili yake. Ulichokosea ni kuionea haya kazi yako mbele ya fundi mwenzako, ukakimbilia Tabora.

Nenda Keko Ijumaa, peke yako, kabla wajomba hawajakusanyika. Beba gitaa na kipande cha stika kilichobaki. Usianze na habari za foleni wala mvua. Sema, "Shemeji, hii ni stika, chini yake ni plaiwudi, na nilikudanganya." Kisha nyamaza. Akicheka, mwache acheke kwanza peke yake, usidandie kicheko chake. Akinuna, vumilia, na usiondoke mpaka aseme neno. Akitaka kujua inabandikwaje, mwonyeshe bila kujishusha, hapo wewe ndiye fundi. Akikupa msasa, upokee.

Draya ya Apolonia irudishe ukiwa njiani, wateja wake wamekaa na nywele mbichi. Jumamosi ni zamu ya ndugu zake kukujibu. Ijumaa ni zamu yako.