Moshi wa Gari la Baba

Kwako Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Shemeji, na watoto nawasalimu mmoja mmoja. Natumaini kifua chako kimepoa na kitindamimba ameacha kukohoa. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi tu, mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio unachemka, na wewe ndiye uliyeuweka motoni.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nimeliua gari la marehemu Baba, unakuja Jumamosi kuchukua ufunguo, na nisiliguse tena maisha yangu yote. Hukuniuliza hata neno moja! Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara kakutumia picha ya moshi juu ya ukuta, basi, kesi imekwisha. Yule hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Miaka kumi na minne nimelala chini ya magari ya watu, wageni wananiachia funguo na kwenda zao bila wasiwasi, halafu ndugu yangu wa tumbo moja anaamini picha ya fundi cherehani kuliko mimi. Jamani!

Sasa nikueleze, maana naona hakuna aliyekueleza. Ni kweli niliunguza tairi. Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa gereji yetu, geti limefungwa. Mama alikuwepo, kakaa kwenye kiti cha plastiki na mtandio puani, akihesabu sekunde kwa sauti kama refa wa ngumi.

Tairi nzuri za nyuma nilizivua, nikafunga mbili vipara zilizokuwa zinasubiri kutupwa. Oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, nilibadilisha, rejeta nikaijaza maji. Kwenye bomba la breki nilifunga koki ndogo, ili breki za mbele zishike na za nyuma ziachie. Gari lile linasukumwa na magurudumu ya nyuma, Kaka. Ukiyabana hayohayo unayotaka yazunguke, utaunguza breki na klachi pamoja. Nikamwaga ndoo mbili za maji kwenye zege, tairi zianze kuteleza bila kugombana na gari. Usukani nikaunyoosha, maana ukikata kona gurudumu moja linazunguka kuliko jingine, na zile gia ndogo ndani ya difu ndizo zinazoumia. Gia namba mbili, resi ya wastani, klachi nikaiachia mara moja bila kuichezea. Mama alipofika sita nikaacha mafuta, nikakanyaga klachi, injini ikanguruma taratibu dakika kumi ipoe. Nilifanya hivyo mara tatu tu. Halafu nikalipandisha jeki, nikamwaga oili ya difu kwenye karai jeupe na kupitisha sumaku nione kama kuna unga wa chuma. Hakuna hata chembe!

Moshi ule ulikuwa wa mpira, na mpira wenyewe ulikuwa unakwenda jalalani. Nani kafa hapo?

Eti mchezo wa wahuni. Umeniandikia hivyo mimi, ambaye hata kufunga mlango wa gari lile nafunga kwa mikono miwili. Niliposoma niliiweka simu chini ya mto nisiione.

Umeuliza nilikuwa natafuta nini. Hapa ndipo kalamu imenigomea tangu jana.

Unaikumbuka Jumapili difu ilipopasuka. Wakati huo ulikuwa muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi. Baba alirudi akakuta gari halisogei, linasaga tu kwa nyuma. Akafungua buti, akaona unga wa saruji, akageuka akakutazama wewe na suruali yako ya kazini. Hakuuliza. Ulikana, ukaapa, ukalia mtu mzima wewe. Akakunyang'anya ufunguo, akasema hutaligusa gari lake maisha yako yote, na akafariki hajakurudishia. Mpaka leo ukipewa gari unazunguka kwenda kiti cha abiria, unasema wewe na usukani hamwelewani.

Ni mimi, Kaka.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka kutoa moshi. Niliogopa mkia mwepesi ungenirusha ukutani, nikabeba mifuko miwili ya saruji ya banda la kuku nikaitia kwenye buti. Kisha nikavuta hendibreki, kwa sababu Baba alitufundisha kwamba hendibreki ndiyo adabu ya dereva. Magurudumu yameelemewa na saruji, yamebanwa na hendibreki, na mimi nakanyaga mafuta kama mwehu. Difu ilipasuka kwa mlio mmoja. Nilirudisha mifuko, nikafagia buti vibaya, nikaingia jikoni kumenya vitunguu, ili nikionekana nalia iwe na sababu.

Baba alifunga difu ya mtumba iliyolia mpaka siku anakufa. Ile iliyopasuka ilibaki stoo, na mwaka huu nimeitengeneza upya, jino kwa jino, nikairudisha mahali pake. Jumapili nilitaka kujua kama imepona, na kipimo changu kilikuwa kilekile kilichoiua. Moshi ulipoisha nilimwambia Mama yote. Alikunja mtandio wake, akauweka mapajani. Kisha akasema nikuandikie kwa mkono, nisikupigie simu, maana kwenye simu nitalia na wewe utanisamehe haraka.

Kwa hiyo njoo Jumamosi. Ufunguo nimeutundika, ni wako, na ukisema nisiliguse tena safari hii sitabisha. Lakini hasira yangu bado ipo palepale: umenihukumu bila kuniuliza, na wewe ndiye unayejua kuliko mtu yeyote inavyouma. Vipara viwili vingine ninavyo, ndoo nimezijaza, na kiti cha dereva nimekisogeza nyuma kitoshe miguu yako. Mama anasema wewe atakuhesabia mpaka kumi.

Shemeji mpe mkono wangu, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao mwenye kucha nyeusi.

Ni mimi mdogo wako,
Spana