Kitanda cha Msichana Unayemngoja

Nekesa mjukuu wangu,

Bwana asifiwe huko Kanada! Hapa mtaani Lindi tuko fiti. Mama yako anaimba kwaya hadi jirani anadhani ni redio, anaomba izimwe.

Unauliza kama ununue kitanda kabla korti haijakuruhusu kumchukua yule msichana wa India awe mwanao. Sikiza. Nikiishi mtaa wa Kabiro, dada yangu aliyemzaa mama yako alifariki Uganda, nami nikangoja ruhusa ya serikali ya kumleta mtoto wake. Hakuna aliyejua kama wangekubali. Wamama wa kanisa walinikataza kumwandalia chochote, maana kwetu mtoto hanunuliwi nguo kabla hajazaliwa. Nikawaambia, "Huyu ashazaliwa, na Mungu anajua saizi yake." Nikashona gauni, nikalitundika ukutani, nikawa naliombea kila asubuhi.

Mungu alijua saizi, mimi sikuijua. Ruhusa ilikawia, na mama yako alipofika, gauni halikupita hata mabega! Alilifunga kichwani kama kilemba, akakataa kulivua, tukaenda nalo hadi kanisani. Wamama walewale wakapiga vigelegele.

Kwa hivyo nunua kitanda, mama. Ila kiwe kikubwa. Mungu hachelewi, lakini watoto hukua.

Ni mimi, kukhu wako.