Nyumba za Mkiwa

Wifi Felista,

Shikamoo sikupi. Ulipokuwa hai uliitaka kwa sababu wewe ni diwani, nami nikakunyima kwa sababu nimekuzidi umri, na usidhani kufa kwako kumemaliza ubishi huo. Pokea salamu za kawaida kama watu wengine. Kaka yako hajambo. Bado anakoroma, ila siku hizi simpigi kiwiko, maana tangu tulipokuzika nimegundua kuwa mlikuwa mnakoroma sawasawa, na nikiisikia ile sauti gizani... Basi. Nilijiambia sitalia kwenye barua hii. Nimekuletea habari njema.

Zimejengwa, wifi. Nyumba zako zimejengwa! Tena zimejengwa hapa hapa kijijini kwetu Mkiwa, mahali ambapo hapakuwa kwenye mpango wa mtu yeyote, na zimekuja hapa kwa sababu ya neno lako moja. Kaa vizuri nikusimulie, na usinikatize kama ulivyozoea.

Unakumbuka ulivyolichukia neno "ombaomba"? Na mtu akisema barazani "wasio na makazi", ulikuwa unasimama kabla hajamaliza. Makazi wanayo, ulisema, wanakaa kwenye mabenchi ya stesheni Itigi, wanakaa chini ya meza za sokoni. Wanachokosa ni mtu. Ukasema Kiswahili kina jina la binadamu wa namna hiyo, ni sisi tu tumelisahau: mkiwa. Mtu aliyebaki peke yake. Ulilitoa kwenye Biblia yako ukalipeleka kwenye baraza la madiwani, ukaling'ang'ania mpaka wenzako wakawa wanakuita Mama Mkiwa. Nami nilikucheka. Nilikuambia, wewe unatoka kijiji cha Mkiwa, halafu kutwa nzima unasema mkiwa, mkiwa, watu watadhani unakipigia debe kijiji chenu. Ulicheka mpaka chai ikakutoka puani, ukanichafulia kitambaa cha meza. Doa bado lipo, sijalitoa.

Na Bi Zaituni unamkumbuka, najua hata huko uliko humsahau. Alishuka kwenye treni Itigi akimfuata binti yake, akakuta binti ameshahama na hakuna anayejua alikoelekea. Akabaki. Mwisho akafika hapa kwetu juu ya lori la magogo, akawa analala kwenye kibanda cha Mama Paskalina anayeuza kuku barabarani. Kila aliyetaka kumsaidia alimuuliza kwao wapi, ili arudishwe. Kijiji chetu kiko mpakani mwa halmashauri mbili; moja ikasema aliingilia upande wa pili, kwa hiyo ni wa upande wa pili. Upande wa pili nao ukasema kwa sasa analala upande wa kwanza. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya, walimpa blanketi na kumpandisha gari kwa adabu zote, na baada ya siku chache alikuwa amesharudi. Wewe ukasimama barazani ukasema: "Tunasafirishiana bibi wa watu kama gunia la alizeti!" Siku hiyo ulikuja nyumbani umekasirika hadi ukawa unaongea Kinyaturu kitupu, hata na kuku.

Nami nilikuwepo ulipomshika mkono pale kibandani ukamwahidi kwamba mvua zijazo zitamkuta ana mlango wake mwenyewe. Nilitamani nikufinye. Nilijua hali yako, nilijua dawa unazomeza. Alizeti ilipokauka shambani tukakuzika, na ile ahadi ikabaki mikononi mwangu, mimi ambaye nilikuwa nimeupata uenyekiti wa kijiji kwa kukufuata wewe kila mkutano. Kila asubuhi nilimwona Bi Zaituni anaangalia mawingu. Hakuniuliza kitu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Basi, baada ya msiba wako mkoa ukaziita zile halmashauri mbili mezani. Wakakubaliana kwamba mtu anayetangatanga hajui mpaka wa wilaya, kwa hiyo mpango uwe mmoja: wajenge pamoja, na ofisa ustawi wa jamii awe mmoja wa kuwahudumia wote. Mpango wakaupa jina la neno lako. Nyumba za Mkiwa. Walichoshindwa kukubaliana ni mahali pa kujenga, kila upande una sababu zake. Wakaachana kwa kusema wananchi katika kata zote waandaliwe kuchangia nguvu, mahali patatajwa baadaye.

Habari hizo Mzee Hango alizipokea kwa simu. Unamjua mtangazaji wetu, na unaujua mtandao wa hapa. Alichosikia ni "nyumba za mkiwa" na "wananchi wachangie nguvu", mengine yakakatika. Akafunga spika yake kwenye pikipiki, akazunguka kijiji kizima: "Nyumba za Mkiwa! Serikali inajenga nyumba za Mkiwa! Wananchi wa Mkiwa, jitokezeni na majembe!"

Wifi, na mimi nilipiga vigelegele! Mimi niliyekaa na wewe miaka yote, niliyelisikia hilo neno mpaka likanichosha, nilisimama uani na mwiko mkononi nikapiga vigelegele kwamba serikali imekikumbuka kijiji chetu. Hakuna aliyeuliza ni nyumba za nani. Mwalimu mkuu alijua ni za walimu. Nesi alijua ni za zahanati. Kijana Ntandu, yule fundi baiskeli mwenye maneno mengi, alijua ni za vijana wanaotaka kuoa, akaenda siku hiyo hiyo kumwambia mchumba wake.

Tukapiga msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ambao mfano wake sijawahi kuuona. Tulifyeka kichaka chote kile nyuma ya nyumba za barabarani, tukachimba udongo, tukafyatua matofali kama watu waliopandwa na mashetani. Kaka yako alijigonga kidole gumba akasingizia nyundo. Wanawake tulisomba maji kwa ndoo, tukapika ugali wa uwele na mlenda kwa masufuria ya harusi. Jioni tukawa tunaimba. Tanuri likawashwa, moshi ukaonekana hata na wenye mabasi, wakawa wanapunguza mwendo kutushangaa.

Moshi huo ndio uliomsimamisha ofisa mipango wa mkoa. Ni binti mdogo mwenye miwani, anaongea taratibu, ungempenda. Alikuwa anapita kwenda Itigi kutafuta kiwanja. Akashuka, akauliza haya matofali ni ya nini. Tukamjibu wote kwa pamoja, kwa fahari kabisa: "Ya Nyumba za Mkiwa!" Yule binti akatutazama. Akalitazama tanuri. Kisha akakaa juu ya rundo la matofali, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga ya Mama Paskalina. Alipopata pumzi akanishika bega akasema polepole, "Mama mwenyekiti, mkiwa ni mtu. Siyo kijiji."

Uso uliniiva. Niliisikia sauti yako masikioni, ukinicheka.

Ilibidi niitishe mkutano wa kijiji, na hapo wifi sikucheka tena. Niliwaeleza watu ukweli: nyumba si za walimu, si za nesi, si za waoaji. Ni za watu wasio na mtu. Akasimama Ntandu, na sitamlaumu, alisema kilichokuwa vifuani mwa wengi. "Mwenyekiti, tumevunja migongo kufyatua matofali, leo tuwape watu tusiowajua? Kijiji kimeishiwa wahitaji?" Wengi wakaguna kumuunga mkono. Nikaona jambo lako linanifia mikononi, na wingu lilikuwa tayari limejifunga upande wa Itigi.

Bi Zaituni alikuwa amekaa pembeni, ameshika kuku wa Mama Paskalina kwa miguu. Alikuwa amesikia yote. Akasimama, akajitengeneza ushungi. Wala hakuomba. Alisema tu, "Mwanangu ana haki, matofali ni yenu. Mimi nilisomba maji tu." Kisha akakaa.

Ndipo tukakumbuka. Alisomba maji, wifi! Tangu siku ya kwanza, ndoo kwa ndoo, kwa umri ule, kwa ajili ya nyumba alizoamini ni za watu wengine. Hakuna aliyemtuma. Sikujua niangalie wapi. Mama Paskalina hakuwa na shida hiyo, aliinuka na sauti yake ile ya kuita abiria: "We Ntandu, ulipoanguka na pikipiki ukakimbizwa hospitali, nani alikaa na mbuzi wako hapa barabarani mpaka ndugu zako walipokuja?" Ntandu akakuna kichwa. "Si ni huyu mama." "Basi humjui?" Watu wakaanza kucheka, Ntandu mwenyewe akacheka, akasema haya jamani yameisha, ila kwenye kuezeka msimamizi ni yeye, hataki mtu mwingine aguse bati. Nikaomba wanaokubali kutoa eneo wanyooshe mikono. Mkono wa kaka yako ulikuwa wa kwanza, na kile kidole kimefungwa kitambaa.

Yule binti wa mipango akasimama baada ya hapo, akachora ardhini kwa kijiti. Akasema wanaoshuka treni wakitafuta barabara kuu wanapitia hapa, wanaoshushwa na mabasi wanaishia hapa, na halmashauri zote mbili zinafika hapa bila kuzunguka. Alikuwa ametafuta mahali pa namna hii muda mrefu, alichokosa ni kijiji kitakachokubali. Akaondoka na azimio letu, na sijui aliongea nini huko mezani, ila alirudi na mafundi wa pande zote mbili na lori la bati.

Masharti uliyokuwa ukiyataja kila mara niliyasimamia. Walitaka kuzipanga nyumba kwenye mstari mmoja na kuzungushia uzio. Nikawaambia marehemu alisema jirani haonekani kupitia uzio. Zikatawanywa katikati yetu, kila moja na uwanja wa bustani na kuku. Walitaka pia bango kubwa barabarani. Hapo kijiji kizima kilikataa, Ntandu mbele, eti nani anaishi kwenye nyumba yenye tangazo? Bati la mwisho lilipigwa misumari upepo wa mvua ukiwa umeshaanza kuvuma, Ntandu juu ya paa anatutukana wote kwa furaha. Usiku ule ikanyesha. Kaka yako na mimi tulikaa kitandani tukaisikiliza tu.

Sasa nikuambie siku ya kukabidhi, maana ni kwa ajili ya hiyo nimeshika kalamu. Wageni walikuja, wa mkoa, wa halmashauri zote mbili, magari yamejipanga hadi barabarani. Bi Zaituni alikuwa ameshaingia kwake tangu asubuhi. Mimi nimevaa kitenge chako cha bluu, ndiyo, nilikichukua, usinune. Nikawaongoza wale waheshimiwa kuwaonyesha kazi yetu. Nikasukuma mlango wa Bi Zaituni, nikaingia nao moja kwa moja, naanza kuwaonyesha madirisha.

Mama aliinuka na ufagio! "We mwenyekiti! Toka! Tokeni wote! Nani amewakaribisha? Hamjui kupiga hodi?"

Tulitoka, wifi. Waheshimiwa wazima walirudi kinyumenyume, mmoja kiatu kikabaki ndani. Mlango ukafungwa. Nikabaki nimesimama juani mbele ya kijiji chote na mkoa wote, nikasema, "Hodi." Nikasema tena, "Hodi humu." Tukamsikia ndani anavuta kigoda, anakohoa, anapanga vitu vyake, hana haraka hata kidogo. Nikapiga ya tatu.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani, mwanangu. Na wageni wako."

Nililia palepale mlangoni, nikacheka, sikujua ninafanya kipi kati ya hivyo. Miaka yote ile tulimpa chakula, tulimpa blanketi, tulimpa pa kulala, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpigia hodi. Angepigiwa wapi?

Pumzika, wifi yangu. Nimekukosa kuliko ninavyoweza kuandika. Juma lijalo nakwenda stesheni Itigi na ofisa ustawi wa jamii, kuna wengine kwenye yale mabenchi na nyumba zipo bado zinawangoja. Ninakuahidi hili: nitawaleta, na wakishaingia nitasimama nje ya kila mlango, hata kwa jua kali, mpaka mwenye nyumba aniambie karibu.

Wifi yako,
Mama Elia